Tunaandika upya tovuti ya chama: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu ni wa wanachama wetu, na pia wa vyama vingine vinavyotupigia simu kuuliza, "Nyie mlitumia nini?" Sisi ni chama cha kusaidiana cha watu wa wilaya moja ya mkoa wa Tanga. Wengi tuko Dar es Salaam, wengine Muscat, wachache Minneapolis, na wazee wamebaki nyumbani. Hakuna anayelipwa kushika tovuti. Anayeandika hapa ndiye aliyeachiwa funguo kwa miaka minne sasa, kwa hiyo mkikuta jibu lina ukali wa mtu aliyeamshwa usiku, mnivumilie.

Tovuti ya zamani ilikuwa na ubaya gani?

Haikuwa mbaya, ilikuwa imezeeka. Ilijengwa kwa programu ya kutengenezea tovuti iitwayo Joomla, toleo la 1.5, lililotoka Januari 2008 na ambalo wenyewe waliacha kulitunza mwaka 2012. Kijana aliyeijenga aliijenga vizuri. Baadaye akaoa, akapata kazi ya kumbana, ikawa ndiyo basi. Kwa miaka haikuguswa, maana ilikuwa inafunguka, na kinachofunguka hakuna anayekiulizia.

Kilichoiua si wadukuzi. Joomla imeandikwa kwa lugha ya PHP, na toleo lile lilikuwa likizungumza na hifadhidata kwa amri ambazo PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, ilizifuta kabisa. Kampuni inayotuwekea tovuti ilituandikia mara tatu kwamba inaondoa PHP 5 kwenye seva zake. Barua zote zilikwenda kwenye anwani ya yule kijana, ambayo alishaacha kuifungua. Asubuhi moja tovuti ikawa nyeupe pee, haina hata neno moja la kusema imeumwa na nini.

Si mngeirekebisha tu? Kwa nini kuanza upya?

Hilo ndilo swali la kwanza tulilojiuliza, na naomba kila chama kijiulize kabla ya kufika kwenye majina ya programu. Kuandika upya ni kutamu mwanzoni, kama kuhamia nyumba ambayo bado ni ramani.

Netscape walikuwa na kivinjari kilichopendwa dunia nzima. Toleo la 4 lilitoka 1997. Mwaka 1998 wakaamua kutupa msimbo wa zamani na kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka Novemba 2000, na wakati huo Microsoft alikuwa amekwisha kulikalia soko. Hao walikuwa na wahandisi wa mishahara. Sisi tuna Jumapili mchana, tena ile isiyo na harusi.

Upande mwingine kuna OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Ndiyo waliyoitumia vijana wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Tovuti yake imejengwa kwa Ruby on Rails, mfumo wa kuandikia tovuti, tangu 2007. Sehemu ya kutoa data za ramani ilipolemewa, hawakubomoa nyumba: waliandika programu ya pembeni kwa lugha ya C++, inaitwa cgimap, ikabeba mzigo huo peke yake. Kwingine pakabaki palivyo.

Kwetu, kuitoa Joomla 1.5 hadi toleo la sasa kungetaka kupita matoleo ya katikati moja baada ya jingine, na violezo (sura za kurasa) vyote vya zamani vingekufa njiani. Kazi ingekuwa ile ile ya kuanza upya, ila na vumbi zaidi. Tukaamua kuikata tovuti vipande vitatu. Mambo ya zamani yagandishwe yalivyo. Matangazo mapya yapate nyumba mpya. Daftari la wanachama na michango litoke mtandaoni kabisa. Uamuzi huo ulitupunguzia kazi kuliko programu yoyote tuliyoichagua baadaye.

Mlijuaje tovuti inatakiwa kufanya nini?

Tuliwauliza watu, wakatutajia mambo ishirini na kitu: apu, redio, duka la khanga, mahali pa kutafuta wachumba. Kisha tukaangalia takwimu za kurasa zilizofunguliwa kweli. Watu wanakuja kwa mambo manne: tanzia, tarehe ya mkutano, namba ya kutuma mchango, na picha za zamani. Katiba ya chama hufunguliwa mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya uchaguzi, na mnajua wenyewe kwa nini.

Orodha ya matakwa ni nzuri, ila ukiifuata utajenga ikulu na mlinzi huna.

Haya, mkachagua nini?

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti kama Joomla, kwenye hosti (seva ya kukodi) ya kawaida ya kulipia kwa mwaka. Najua wapo waliotegemea kusikia kitu cha kisasa zaidi. Hata mimi nilitegemea hivyo.

Njia ya kufika hapo haikuwa fupi. Tulikuwa watu watano tunaojua kompyuta, na kila mwamba ngoma huivutia kwake: mmoja lugha ya Python, mmoja React ya JavaScript, mmoja anasema Joomla mpya, mimi nilikuwa wa Hugo, na wa tano alikuwa kimya, ambaye ndiye aliyekuja kuwa sahihi. Alichosema ni kwamba sote tunabishana kuhusu nani ataijenga, na hakuna aliyeuliza nani ataishika mwaka wa tatu.

Kwa nini si Hugo? Tovuti tuli si ndiyo nyepesi na salama?

Ni kweli, na tulianza nayo. Hugo, na Jekyll iliyoitangulia tangu 2008, zinachukua maandishi na kuyageuza kurasa za HTML zilizokwisha kupikwa. Hakuna hifadhidata, hakuna mlango wa kudukua, na hosti ya bure inatosha. Tuliitumia wiki tisa. Mimi niliipenda sana.

Kwenye Hugo kila tangazo ni faili la maandishi, na juu ya faili kuna mistari michache ya kutaja kichwa na tarehe. Nilimfundisha katibu wetu, mzee wa miaka 67, afanye hivyo kwa simu. Akajifunza. Akatoa tangazo la mkutano, likakubali. Akatoa la mchango wa kisima, likakubali.

Usiku mmoja, saa tano, tulipata msiba. Mazishi kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri. Katibu akaandika mstari wa kichwa hivi:

title: Tanzia: mazishi ni kesho

Kwa anayejua Kiswahili mstari huo hauna kasoro. Kwa Hugo una kasoro kubwa: nukta mbili zikifuatwa na nafasi maana yake ni "hapa jina la kitu limekwisha, sasa inakuja thamani yake." Ikaziona mara mbili kwenye mstari mmoja, ikakataa kuijenga tovuti nzima. Dawa ni kuweka alama za kunukuu pande zote mbili za kichwa, sekunde mbili tu. Katibu angejuaje? Kosa lilitokea kwenye ukurasa ambao hajawahi kuufungua, kwa Kiingereza, likizungumzia "mapping". Yeye aliona simu imekubali, akalala.

Mimi nilikuwa kwenye basi la Mbeya, simu haina mtandao. Tovuti ikakesha na tangazo la mkutano wa mwezi uliopita. Muscat walikuwa wanafungua na kufunga, wakisikia fununu tu. Ndugu mmoja alikosa ndege ya alfajiri ambayo angeiwahi.

Hugo haina kosa hapo. Kosa ni langu, niliyempa mzee chombo kinachomwadhibu mtu kwa kuandika lugha yake ilivyo. Tangu siku hiyo tuna kipimo kimoja, na kila teknolojia inayoletwa tunaipitisha hapo: mtu asiyejua kompyuta aweze kutoa tanzia, kwa simu, usiku, ndani ya dakika tano, bila kumpigia mtu yeyote, na ikikataa aione imekataa.

React je? Vijana wote siku hizi wanajifunza hiyo.

Ni chombo kizuri kwa kazi yake: kurasa zinazobadilika mbele ya macho, kama ramani inayosogea au maongezi ya papo kwa papo. Tanzia haisogei.

Kuna jambo la pili, la umri. Maktaba za JavaScript kama React, yaani misimbo iliyoandikwa tayari kwa lugha inayoendeshwa na kivinjari, zinazeeka upesi. AngularJS ilikuwa ndiyo habari ya mjini nilipokuwa chuo, na Google wakaacha kuitunza mwisho wa 2021. Waliokuwa nayo walilazimika kuandika upya, si kwa sababu tovuti zao ziliharibika. Linganisha na ukurasa wa kwanza wa wavuti, uliowekwa CERN mwaka 1991: ukiufungua leo kwa simu yako unasomeka. HTML ya kawaida haijawahi kumdhulumu mtu.

Na bando, jamani. Ukurasa wetu wa tangazo, pamoja na picha moja ya marehemu, ni chini ya kilobaiti 150. Jaribio la kwanza la React lilikuwa megabaiti mbili kabla hata ya jina la marehemu kuonekana. Tulilijaribu kwenye simu ya mama mmoja anayeuza mihogo sokoni, skrini ina ufa kuanzia pembeni hadi pembeni. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mama akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo mpya?"

Na Django, au Rails?

Hizi ni zana za kuandikia tovuti yako mwenyewe, Django kwa lugha ya Python na Rails kwa Ruby, na nazijibu kwa heshima. Kama tungetaka kila mwanachama awe na akaunti yake na aone michango yake, ningechagua Django bila kusita. Python inafundishwa vyuoni, na Django inatangaza mapema maisha ya kila toleo: yale ya muda mrefu hutunzwa kama miaka 3. Toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na mwisho wake ukawekwa Aprili 2026. Unaweza kupanga.

Ila kupanga kunataka mtu wa kupanga. Programu uliyoiandika mwenyewe ni kama mbuzi wa nyumbani, anataka mtu wa kumrudisha jioni. Waliokuwa na programu za Python 2 waliambiwa miaka mingi kabla kwamba mwisho ni tarehe 1 Januari 2020, na bado wengi siku ile iliwakuta.

WordPress si ndiyo inayodukuliwa kila siku?

Ndiyo inayotumika kuliko zote, zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, kwa hiyo ndiyo inayopigwa mawe zaidi. Mara nyingi mwizi hapiti kwenye WordPress yenyewe. Anapita kwenye plagini (kipande cha kuongezea tovuti uwezo) iliyoachwa na mwenyewe, au kwenye neno la siri ambalo ni jina la chama na mwaka.

Sisi tuna plagini nne. Ya tano ikiletwa, aliyeileta anaeleza kikaoni ipi itoke. Kiolezo ni kile kinachokuja na WordPress, tumebadilisha rangi tu. Masahihisho ya usalama yanaingia yenyewe, jambo ambalo WordPress inalo tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013. Ukurasa wa kuingilia unataka namba ya pili kutoka kwenye simu. Katibu alilalamika wiki moja, sasa anawafundisha wengine.

Faida kubwa kwetu haimo ndani ya programu. Ni kwamba nikianguka leo, kijana yeyote wa pale mjini anayetengeneza tovuti za maduka ameshawahi kuigusa WordPress. Hugo, kwa wilaya yetu nzima, nilikuwa najua mtu mmoja anayeielewa, na ndiye huyu anayeandika.

Ule ugomvi wa wakubwa wa WordPress haukuwatisha?

Wa Septemba 2024, kati ya Automattic, kampuni ya mwanzilishi mmoja wa WordPress, na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress? Ulitusumbua kidogo, hasa Oktoba yake plagini moja maarufu ilipochukuliwa na kubadilishwa jina ndani ya duka la WordPress.org. Tulikaa, tukasoma. Programu iko chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuinakili, kwa hiyo nakala tuliyo nayo hakuna wa kutunyang'anya, na maandishi yetu yanatoka kwa faili moja tukitaka kuhama. Plagini ile hatukuwa nayo. Tukafunga kikao, tukala.

Kwa nini msitumie kundi la WhatsApp tu?

Tunalitumia, tena ndilo la kwanza kupata habari. Shida ni dakika ya kumi: tangazo limezama chini ya "poleni sana" mia mbili na maua. Anayeuliza "mazishi saa ngapi?" anajibiwa na watu watatu, majibu matatu. Sasa katibu anatoa tangazo kwenye tovuti, kisha anabandika linki kundini. Ukibadilika muda, anasahihisha sehemu moja.

Mliyahamishaje mambo ya zamani?

Hapa ndipo miezi ilipokwenda.

Kwanza tuliifufua Joomla ya zamani kwenye laptopu, ndani ya PHP 5, bila kuiunganisha na intaneti. Kisha tukatumia programu ndogo ya wget, ambayo hupita ukurasa kwa ukurasa na kuuhifadhi kama faili la HTML. Amri ni moja tu, wget --mirror --convert-links --page-requisites, na kuisubiri ni kunywa chai mbili. Kilichotoka ni tovuti nzima ya zamani, imegandishwa, haina hifadhidata, haina cha kusasishwa. Iko kwenye folda yake pembeni ya WordPress. Kama Hugo ilikuwa na somo zuri la kunifundisha, ni hili.

Halafu herufi. Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba hifadhidata ilikuwa inahifadhi maandishi kwa mpangilio mmoja na kuyasoma kwa mwingine. Tulipohamisha, kila palipokuwa na ng'ombe, ng'ambo na Ng'wale pakatokea vinyago: ngâ€™ombe. Sababu ni ile alama ya juu iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe badala ya ile iliyonyooka. Majina ya Kiarabu kutoka kwa ndugu wa Muscat ndiyo yalikuwa machafuko matupu.

La mwisho lilinichukua siku mbili kulielewa. Salamu nyingi za rambirambi zilikuwa zimekatika katikati: "Mungu ampumzishe" halafu basi. Nikadhani watu walichoka kuandika. Kumbe walipofika hapo waliweka ile alama ya mikono miwili ya kuomba. MySQL ina mpangilio unaoitwa utf8 ambao kwa kweli unabeba baiti tatu tu kwa herufi, na alama zile zinataka nne. Ikikutana nayo, kwa mpangilio wa seva yetu ya zamani, ilikuwa inakata kuanzia hapo hadi mwisho na kunyamaza. Dawa ni utf8mb4, ipo tangu 2010. Maneno yaliyokatika hayarudi. Kama uliwahi kuandika rambirambi ndefu na sasa unaiona fupi, hukufutwa na mtu.

Linki zangu za zamani zitafanya kazi?

Zitafanya. Joomla ilikuwa na anwani kama index.php?option=com_content&view=article&id=214, na watu wamezihifadhi kwenye simu, wamezichapa hadi kwenye kadi za arobaini. Tumeandika kanuni inayomwambia kivinjari, kwa namba 301, kwamba ukurasa umehama moja kwa moja na anwani mpya ni hii. Tulipitia anwani zote moja moja. Ukikuta iliyokufa, niandikie.

Gharama ni kiasi gani, na nani analipa?

Programu zote ni za bure. Cheti cha usalama ni cha Let's Encrypt, bure pia. Kinadumu siku 90 na seva inakihuisha yenyewe. Msikiruke hicho: tangu Julai 2018 Chrome inamwambia kila mgeni kwamba tovuti isiyo na cheti si salama, na mgeni hajui kwamba ni suala la cheti, anadhani ni ninyi.

Tunalipia vitu viwili, hosti na domeni, yaani jina la tovuti. Domeni ndiyo niliyotaka kuizungumzia. Ya kwanza iliandikishwa kwa jina la mtu na kulipiwa kwa kadi ya mtu, ndugu yetu wa Minneapolis, kwa moyo safi kabisa. Kadi ikaisha muda, benki ikampa mpya, hakukumbuka. Tulikaa siku kumi na moja bila jina. Sasa domeni iko chini ya .or.tz, imeandikishwa kwa jina la chama, inalipwa kwa simu kutoka kwa mweka hazina, na barua za kukumbusha zinakwenda kwenye anwani ya chama inayosomwa na watu watatu. Mnaweza kukosea lugha ya programu na mkaishi. Domeni ikipotea, mmehama mji bila kuaga.

Kwa nini orodha ya waliochanga imetolewa?

Wengine wamekasirika, nawaelewa, watu walipenda kuona jina lao. Orodha ile ilikuwa na majina kamili, namba za simu na kiasi, na dunia nzima inaisoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Hata bila sheria, mama wawili walipigiwa na matapeli waliojua hasa walichanga shilingi ngapi na kwa msiba wa nani. Orodha sasa iko kwenye jedwali la mweka hazina na inasomwa mkutanoni kwa sauti, kama zamani.

Hilo lilirahisisha uchaguzi wa teknolojia pia. Usipokuwa na siri za watu ndani, huhitaji ngome.

Mbona saa zimeandikwa mara mbili?

Kwa sababu ya watoto wetu wa Minneapolis. "Mazishi saa 7" wao wanasoma saa saba ya asubuhi ya kizungu, ambayo kwetu ni saa moja. Sasa tunaandika "saa 7 mchana, yaani 13:00 za Dar es Salaam." Muscat wataongeza saa moja. Minneapolis ni alfajiri: 10 za usiku kipindi cha baridi, 11 wakati wa joto, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Tulijaribu plagini ya kumbadilishia kila msomaji saa za alipo. Ikamchanganya kila mtu. Ikatoka.

Tukiwa hapo hapo: tumeiambia tovuti kwamba lugha yake ni sw, yaani Kiswahili. Awali ilikuwa inajitangaza kuwa ya Kiingereza, na vivinjari vikawa vinajitolea kutafsiri tanzia kutoka lugha isiyo yake.

Akili mnemba haiwezi kutuandikia tovuti nzima?

Inaweza kuandika. Kuamka usiku haiamki. Mimi huitumia kwa vipande vidogo ambavyo naweza kuvisoma na kuvielewa, kama zile kanuni za 301.

Wewe ukiondoka?

Funguo ziko kwa watu watatu, mmoja wao si wa Dar es Salaam. Nakala rudufu inatoka kila usiku, na kila Jumapili moja inashuka kwenye kompyuta ya ndugu wa Muscat, ili hata hosti ikiungua tuwe nayo. Kuna karatasi nne, zimechapwa, kwenye faili la katibu pamoja na hati ya usajili: hosti ni ipi, domeni inalipwa lini, nakala zinarudishwaje, nani wa kumpigia.

Tulizijaribu zile karatasi. Tulimpa binti mmoja wa kidato cha sita, ambaye hakuhusika na chochote, tukamwambia airudishe tovuti kwenye laptopu tupu, na mimi nikakatazwa kufungua mdomo. Alikwama ukurasa wa pili, mahali nilipoandika "ingiza hifadhidata kama kawaida." Akanitazama. Kawaida ya nani? Tukaandika upya ukurasa huo, jaribio la pili likachukua saa moja na nusu.

Naweza kusaidia na mimi sijui kompyuta?

Wewe ndiye tunayekutafuta. Picha 612 zimeshapigwa skani na kuwekwa, na 240 kati yake hazina majina. Anza na namba 37: timu ya mpira, wamesimama mbele ya ghala la mkonge, aliyeshika mpira anajulikana na wengi. Wa tatu kutoka kushoto, mwenye viatu visivyofanana, hakuna bado aliyemtaja. Ukimjua, mpigie katibu. Jina ataliandika yeye mwenyewe, kwa simu yake.